Dhima ya Ardhi Iliyochimbwa

Katika milima ya Appalachia, huko Pennsylvania, West Virginia na Kentucky, viko vijito ambavyo maji yake ni ya rangi ya kutu na mawe yake yamevikwa utando wa rangi ya chungwa, wala samaki hana makao humo. Kwani mwamba wenye chuma na salfa, uliokuwa umesitirika chini ya ardhi, ukifukuliwa na kukutana na hewa na maji huzaa tindikali, nayo huendelea kutiririka miaka mingi baada ya mchimbaji kuondoka na makaa yake. Faida imekwisha kugawanywa, madhara yamebaki. Ndipo huzuka suali: ni juu ya nani kuitengeneza ardhi hiyo, serikali ya jimbo au serikali ya shirikisho la Marekani?

Kabla ya mwaka 1977 jambo hili liliachiwa majimbo, na kila jimbo lilichelea kwamba likitia sheria kali wachimbaji watahamia kwa jirani. Hivyo woga wa mmoja ukawa udhuru wa wote. Tarehe 26 Februari 1972 bwawa la taka za makaa lilipasuka katika bonde la Buffalo Creek, West Virginia, likaangamiza watu 125. Rais Ford alikataa mara mbili kuridhia sheria ya machimbo, hata Rais Carter akaitia sahihi tarehe 3 Agosti 1977. Sheria hiyo ilimlazimisha mchimbaji kuweka dhamana kabla hajatia sururu ardhini, na kwa ajili ya ardhi zilizotelekezwa zamani ikatoza ushuru juu ya makaa mapya, senti 35 kwa tani ya machimbo ya wazi na senti 15 kwa tani ya machimbo ya chini. Jimbo lenye kanuni zisizopungua ukali wa zile za shirikisho liliachiwa usimamizi, na shirikisho likawa mwangalizi: mkaguzi wake akipata habari ya kosa hulipelekea jimbo ilani, na zikipita siku kumi bila ya jimbo kutenda lipasalo wala kutoa udhuru wa haki, huenda mwenyewe. Wachimbaji wa Virginia, na jimbo lao pamoja nao, walidai kwamba mamlaka ya jimbo yameporwa. Mahakama ya Juu ilikataa dai hilo mwaka 1981.

Wanavyuoni wa fiqhi wametufundisha kupambanua fardhi ya mtu binafsi, isiyomwondokea ila aitende mwenyewe, na fardhi ya jamii, mfano wa kumzika maiti, ambayo wakiitenda baadhi huwaondokea wote, na ikiachwa wote huwa na dhambi. Kuiponya ardhi ni fardhi ya mchimbaji mwenyewe maadamu yupo. Akishatoweka, hugeuka kuwa fardhi ya jamii, na hapo kubishana nani aanze hakumtoi yeyote dhambini. Tena sharia ya mirathi yataka deni la maiti lilipwe kabla warithi hawajagawana mali. Na warithi wa makaa yale ni nani? Si watu wa milimani peke yao, ambao wengi walirithi maradhi ya mapafu. Ni miji yote iliyopata mwanga na chuma cha pua kwa jasho lao. Kwa hiyo Kongresi ilipotenga mwaka 2021 zaidi ya dola bilioni 11 kutoka hazina ya taifa kwa machimbo yaliyotelekezwa, ilikuwa ikilipa sehemu ya deni, wala haikuwa sadaka.

Watetezi wa majimbo husema, nao wana hoja, kwamba aliye karibu hulijua bonde lake kuliko karani wa Washington, na kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini ujirani humpa mtu haki ya kutangulia kutenda, haumpi ruhusa ya kughafilika. Wyoming, iliyo jirani kabisa na machimbo yake, ilipokea kwa makampuni makubwa ahadi tupu mahali pa fedha za dhamana, na sheria ya shirikisho yenyewe iliruhusu hayo. Makampuni hayo yalipofilisika mwaka 2015 na 2016, wepesi wa ahadi ukadhihirika. Tennessee ilipouacha usimamizi mwaka 1984, shirikisho liliuchukua, kama ilivyopasa.

Basi naona utaratibu wa haki ni huu: mchimbaji atangulie, kwa fedha zilizokwisha kuwekwa, jimbo lifuate, kwa kuwa ni jirani, shirikisho liwe nyuma yao, kwa kuwa ndilo mrithi mkubwa, na kila wa nyuma abebe mzigo wote pale wa mbele anaposhindwa. Mamlaka yaweza kugawanywa baina ya serikali mbili, lakini dhima haipungui kwa kugawanywa. Maana ardhi ni amana ya Mwenyezi Mungu, naye hatauliza mpaka wa jimbo ulipita wapi, atauliza ni nani aliyekuwa na uwezo akaketi.