Sahihi, Kiboko na Moyo wa Mkosaji

Kila jina tulipalo mahali pa kutumikia adhabu lina falsafa yake. Neno gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Na ngome ya Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Neno kifungo latuonyesha mtu aliyezuiwa asitembee. Lakini Zanzibar hupaita mahali hapo Chuo cha Mafunzo, na aliyemo humo huitwa mwanafunzi. Jina hilo ladai jambo zito: kwamba aliyekosa aweza kufundishika. Je, twaliamini dai hilo?

Wahenga wametuachia methali mbili zishindanazo. Moja yasema, "Mchovya asali hachovyi mara moja." Ya pili yajibu, "Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa." Sheria zetu nazo zimeyumba baina ya hizo mbili. Mwaka 1963 Tanganyika ilitunga sheria ya kima cha chini cha adhabu, iliyolazimisha viboko kwa baadhi ya makosa, wizi wa ng'ombe ukiwamo. Mwaka 1972 sharti hilo la viboko liliondolewa. Mwaka 1989 likarudishwa. Kisha zikaja Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, iliyomfungulia mfungwa mwenye mwenendo mwema njia ya kumalizia kifungo chake nje, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, iliyomwezesha mkosaji kuutumikia umma badala ya kufungwa.

Sasa tuchukue mfano. Ofisini kunapitishwa ombi la kisiasa kwa barua pepe: watumishi watie sahihi ili Bunge lizidishe vifungo. Mletaji ni mkuu wa idara. Karani mmoja haafiki, kwani anaamini kuwa mtu hurekebika. Lakini anakumbuka likizo yake, cheo chake na ada za watoto. Anatia sahihi. Je, amekubali? La! Ameogopa tu. Na lau ombi hilo lingetaka vifungo vipunguzwe, hukumu yetu ingekuwa ile ile. Wema wa shabaha hauhalalishi kumbana mwenzio mahali anapopatia riziki.

Hapa maswali mawili yanakuwa moja. Sahihi iliyotiwa kwa kumhofu mkubwa haina tofauti na utii wa mfungwa anayehofu kiboko. Mkono umetii, moyo haukushiriki. Hofu ikiondoka, utii nao huondoka. Tukiamini kwamba mwizi aweza kugeuzwa kwa mafunzo, kazi na mfano mwema, itakuwaje tusiamini kwamba mtumishi mwenzetu aweza kushawishiwa kwa hoja?

Wako watakaosema kwamba aliyeibiwa ana haki zake. Kweli anazo, wala mafunzo hayafuti adhabu. Lakini mfungwa aliyejifunza kushona viatu katika gereza la Karanga, Moshi, siku moja atatoka na kuja kubisha mlangoni petu akiomba kazi. Siku hiyo sahihi zetu hazitatusaidia kitu. Tutaulizwa kama twaamini kwamba mtu hubadilika, na jibu litakuwa ama kumfungulia mlango ama kuufunga.