Ripoti ya Paa Apewe Nani?

Katika ukaguzi wa asbesto, kitu huhesabiwa kuwa na hatia mpaka ithibitike kwamba hakina. Bati la saruji la zamani, bomba la maji moto lililovikwa plasta nyeupe, vigae vya sakafu, ubao wa dari: mkaguzi akikuta kimojawapo na hana ushahidi wa kutosha, anaandika kwamba kina asbesto. Chumba kikiwa kimefungwa na ufunguo haupatikani, nacho kinaandikwa hivyo hivyo. Mahakamani tungeuita utaratibu huu uonevu. Kwenye majengo tunauita busara, kwa sababu bati halina heshima ya kupoteza, na mtu anayelala chini yake ana mapafu mawili tu.

Nasoma shahada ya uzamili katika usimamizi wa mazingira, na kwa miezi mingi sasa kazi yangu imekuwa kusoma ripoti za ukaguzi wa aina hii. Nilidhani ningehangaika na kemia. Kumbe kinachonikosesha usingizi ni swali ambalo halimo kwenye mtaala: ukishajua kwamba paa la mtu lina kitu cha hatari, na wewe huna uwezo wa kuliondoa wala yeye hana, je, unawajibika kumwambia? Na kama unawajibika, unamwambia ili iweje?

Swali hili ni gumu kwa sababu ya tabia ya asbesto yenyewe. Ni madini yanayotoka ardhini yakiwa nyuzi. Nyuzi hizo haziungui, na zikichanganywa na saruji hutoa bati imara lisiloshika kutu. Ndiyo maana shule, hospitali na nyumba nyingi za watumishi za miaka ya 1960 na 1970 kwetu Afrika Mashariki ziliezekwa kwalo. Nyuzi zikipeperuka na mtu akazivuta, baadhi hubaki kwenye mapafu, na baada ya miaka 20, 30 au hata 40 zinaweza kuleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, au mesotelioma, yaani saratani ya utando unaoyazunguka. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999, Afrika Kusini mwaka 2008. Kenya iliiweka kwenye orodha ya taka hatari katika kanuni zake za mwaka 2006.

Hata hivyo, bati zima, ambalo halijapasuka, halijatobolewa wala kusuguliwa, hutoa nyuzi chache sana. Mara nyingi ushauri wa wataalamu ni kuliacha lilipo na kuliangalia mara kwa mara, kwa kuwa kuliondoa vibaya ni hatari kuliko kuishi nalo. Hapo ndipo methali zetu mbili zinapogombana. Moja inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nyingine inasema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Asbesto ni maradhi yasiyofaa kufichwa na ni usingizi usiofaa kuamshwa, vyote kwa pamoja.

Hata namna ya kuijua ina mgogoro huo. Jicho haliwezi kutofautisha saruji yenye asbesto na isiyo nayo. Ni lazima kipande kikatwe na kipelekwe maabara kutazamwa kwa hadubini. Kwa hiyo mkaguzi anapulizia maji ili vumbi lisiruke, anamega kipande kidogo, anakitia kwenye mfuko, mfuko anautia ndani ya mfuko mwingine, kisha anaziba alipomega. Ili ujue kama kitu kitadhuru kikivunjwa, inabidi ukivunje kidogo.

Kisha zinakuja alama. Mwongozo wa Uingereza, ambao wakaguzi wengi wanaufuata hata nje ya nchi hiyo, unakipa kila kitu alama kwa mambo manne: ni bidhaa ya aina gani, imeharibika kiasi gani, uso wake umefunikwa au uko wazi, na ni asbesto ya aina ipi. Jumla haizidi 12. Lakini kuna hesabu ya pili, ambayo mkaguzi peke yake hawezi kuikamilisha: nani anatumia chumba hiki, kwa saa ngapi, na anafanya nini humo? Bati lenye alama ndogo juu ya ghala lisilofunguliwa si sawa na bati hilo hilo juu ya darasa ambalo watoto hurusha mpira. Hatari imo katika uhusiano kati ya kitu na mikono ya watu. Ukikaa na jambo hilo kidogo, utaona kwamba swali langu limeanza kujijibu, ila bado.

Mwaka jana niliruhusiwa kufuatana na wakaguzi wawili kwenye nyumba za watumishi wa taasisi moja ambayo sitaitaja. Kwenye nyumba ya tatu tulimkuta mama wa makamo akichambua mchele barazani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea kumtazama mkaguzi aliyekuwa juu ya ngazi na vazi lake jeupe na barakoa.

"Mwanangu," akaniambia, "huyo mwenzako kapanda dakika kumi tu na kajifunika hivyo. Sisi tuna miaka kumi na minne humu."

Nikamweleza kwamba yule anavunja kipande, na hatari ipo hasa kwenye kuvunja. Bati likiwa zima halina neno kubwa. Akafikiri, kisha akaonyesha banda la kuku nyuma ya nyumba. Lilikuwa limefunikwa kwa vipande vya bati lile lile, vimekatwa kwa msumeno.

"Na hayo aliyakata baba watoto. Haya, mkishapata majibu, mimi nitaambiwa na nani?"

Mkaguzi alikuwa ameshashuka. Akamjibu kwa upole kwamba ripoti huenda kwa mwenye jengo. Lilikuwa jibu sahihi. Mteja ni mwenye jengo, yeye ndiye aliyelipa, na mkataba haukutaja mtu mwingine.

Mwaka 1877, Mwingereza W. K. Clifford, mtaalamu wa hisabati, aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Anatupa mfano wa mwenye meli ambaye anajua meli yake ni kuukuu. Mashaka yanamjia, lakini matengenezo ni ghali, basi anajituliza: imesafiri mara nyingi ikarudi, Mungu atawalinda abiria. Meli inazama na watu wake. Clifford anasema mwenye meli ana hatia, na hata ingefika salama angekuwa na hatia ile ile, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini bila kukagua. Sijui mfano unaoeleza vizuri zaidi kwa nini ukaguzi wa majengo ya zamani ni wajibu. Mwenye jengo anayesema "mbona watu wamekaa humo miaka yote na hawajafa" ni yule yule mwenye meli, na kwa ugonjwa unaochukua miaka 30 kujitokeza, kutoona maiti si ushahidi wa usalama.

Lakini Clifford ananiacha njiani. Mwenye meli wake alikuwa na uwezo wa kutengeneza. Abiria wangeambiwa, wangeshuka. Yule mama akiambiwa, atashukia wapi? Ndiyo hoja ya wanaosema tusiwatie watu hofu wasiyoweza kuitumia, na siyo hoja ya kipuuzi. Hofu nayo ina madhara. Mtu aliyetishwa anaweza kupanda mwenyewe na nyundo Jumamosi, akayashusha mabati yote, akawaita vijana wa jirani wamsaidie. Siku hiyo moja inaweza kutoa vumbi ambalo paa lile lisingetoa kwa miaka mingi likiachwa.

Nimeipima hoja hiyo, na naona inasimama juu ya dhana moja: kwamba uwezo ni mmoja tu, yaani fedha za kuezeka upya. Angalia tena lile banda la kuku. Mume wake hakuhitaji mamilioni ili asikate bati kwa msumeno. Alihitaji sentensi moja. Usitoboe paa kufunga antena. Usilisugue ukoga kwa brashi kavu. Bati likipasuka, lilowanishe kabla ya kuligusa, usifagie vipande vikavu, na usiwape watoto wachezee. Kama hatari imo katika uhusiano wa kitu na mikono, basi mwenye mikono ndiye mtu wa kwanza anayepaswa kujua, kwa sababu kila siku yeye ndiye anayeamua kama bati litabaki limelala. Na yule mwenye nyundo ya Jumamosi hakuharibiwa na ukweli. Aliharibiwa na nusu yake: aliambiwa kuna hatari, hakuambiwa hatari inaamka vipi.

Sheria zenyewe hazijamaliza jambo hili. Kanuni za Uingereza za mwaka 2012 zinampa msimamizi wa jengo wajibu mahsusi wa kutafuta asbesto, kuweka kumbukumbu zake, na kuhakikisha kila anayeweza kuigusa, kama fundi umeme, anapewa taarifa. Lakini wajibu huo unahusu majengo yasiyo makazi, pamoja na sehemu za pamoja za majengo ya ghorofa. Ngazi na ukumbi vimo. Chumba cha kulala hakimo. Naelewa sababu, kwani dola haipendi kuingia chumbani kwa mtu. Ila anayelala humo hukaa saa nane kila usiku, na fundi huja mara moja kwa mwaka.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisiridhike na ukaguzi unaoishia kwa mwenye jengo. Mwaka 2014, serikali ya jimbo la Free State, Afrika Kusini, iliingia mkataba wa randi milioni 255 wa kuzitafuta nyumba za watu wa kipato cha chini zilizoezekwa kwa asbesto na kuiondoa. Ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Zondo ulionyesha kwamba kazi ya kukagua ilipokezanwa kwa wakandarasi wengine kwa bei ndogo mno kuliko ya mkataba, na wakazi wakaendelea kuishi chini ya paa zile zile. Kesi ya jinai ilianza kusikilizwa mwaka 2025. Washtakiwa wamekana mashtaka, na kuamua ni kazi ya mahakama. Mimi kinachonigusa ni kitu kidogo kuliko hukumu: picha ya mtu anayepita mtaani akihesabu paa, akiandika namba za nyumba, kisha anaondoka, na kuhesabu kwenyewe kunageuka kuwa ndiyo huduma. Wakazi wangekuwa na nakala ya kile kilichoandikwa juu ya nyumba zao, wangekuwa na karatasi ya kudai nayo. Kumwambia mtu ni kumfanya shahidi.

Mpaka hapa nimezungumzia hatari ambayo bado inaweza kuzuiwa. Kuna ile iliyokwisha kupita, na hapo nilikwama kwa muda mrefu, kwa sababu inanihusu. Nimekulia kwenye nyumba ya mwalimu. Paa lilikuwa la asbesto, na vipande vilivyoanguka tulivitumia kama chaki, tukichora viwanja vya rede kwenye saruji. Mama alikuwa akifagia vumbi lake. Tulihama mwaka 2009. Nyuzi zilizoingia haziwezi kutolewa, na hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mtu kama ataugua au la. Je, huu nao ni ukweli wa kumpelekea mama yako wa miaka 58 anayelala vizuri?

Nilitafuta kama kuna kitu chochote ambacho angeweza kukifanya kwa kujua. Nikapata viwili. Kuvuta sigara kunazidisha sana hatari ya saratani ya mapafu kwa mtu aliyevuta asbesto. Mama havuti, lakini kaka yangu anavuta. Na kikohozi kirefu kwetu hufikiriwa kwanza kuwa kifua kikuu. Daktari asiyeambiwa habari za paa hana sababu ya kuliulizia. Vitu viwili ni vichache, lakini si sifuri. Nilimpigia.

Alinyamaza kidogo, kisha hakuniuliza juu ya mapafu yake. Aliuliza kama mwalimu aliyehamia baada yetu anajua, maana ana watoto wadogo. Nilimwambia sidhani. Akasema atamtafutia namba yake, na kabla ya magharibi alikuwa ameshaituma.

Hivyo msimamo wangu, mpaka atokee wa kunishawishi vinginevyo, ni huu. Ripoti nzuri ya ukaguzi ina sehemu ninayoiheshimu kuliko zote: orodha ya mahali ambapo mkaguzi hakufika. Dari isiyofunguka, chumba kilichofungwa, vyote vinatajwa kimoja kimoja ili asiyejua asidhani amejua. Ningependa iongezwe orodha ya pili, fupi tu: wanaoishi au kufanya kazi humu, nani ameambiwa, ameambiwa nini, kwa lugha gani, tarehe ngapi. Na pale palipo wazi pahesabiwe kama mkaguzi anavyohesabu chumba kilichofungwa, kwamba hatari imo mpaka ithibitike vinginevyo.