Barabara Yenye Lori Moja

Boga, mkoani Ituri nchini Kongo, haina reli, wala haijawahi kuwa nayo. Kwa sisi tunaoishi huku juu ya bonde la Semliki, treni ilikuwa ama ng'ambo, Kasese nchini Uganda, ambako reli ilifika 1956 kufuata shaba ya Kilembe, ama mbali kaskazini, Mungbere, mwisho wa njia ya kampuni ya reli ya Vicicongo. Kwa hiyo nilicheka mpwa wangu anayeishi Ubelgiji aliponiambia anaijenga Mungbere juu ya meza ya sebule yake: stesheni, ghala, vichwa vya treni na vigari vya kuchukua mizigo. Baba yangu, yaani babu yake, alikuwa msaidizi wa dereva kwenye lori lililokuwa likitoka Bunia kwenda huko. Kijana hakumkuta hai. Nadhani ndiyo sababu ya meza.

Kumbe shida yake haikuwa treni. Shida ilikuwa malori. Wenye mchezo huu wa treni ndogo hupunguza kila kitu mara 87, hivyo lori la mita sita linabaki sentimita saba hivi. La kiwandani, lililochorwa vizuri hadi taa na vioo, huuzwa yuro 20 na kuendelea. Yeye analipa kodi ya nyumba na anatuma pesa nyumbani. Akinunua malori kumi, kuna karo ya mtu itakayochelewa. Akaniuliza: "Mjomba, wakati wa babu kulikuwa na magari gani? Nisije nikanunua ya bei halafu yakawa ya wakati mwingine."

Swali hilo lilinipendeza. Wengi wetu tukisema "zamani" tunamaanisha kitu kimoja kikubwa kisicho na miaka, ambamo Mbelgiji, Mobutu na ujana wetu vimelala pamoja. Yeye alitaka mwaka. Alichagua 1957, na mwaka ukishauchagua unakubana: kila kilichotengenezwa baadaye kinatoka mezani, hata kiwe kizuri vipi.

Alikuwa ameshajaribu njia za rahisi. Jumapili huzunguka kwenye soko la vitu vya zamani la Place du Jeu de Balle, Brussels, akitafuta vigari vilivyovunjika magurudumu. Huko aliviona vingi vya Matchbox, vile vilivyoanza kuuzwa Uingereza 1953. Ni bei nafuu, lakini mtego: kila kimoja kilipimwa kitoshee kwenye kiboksi chake, si kilingane na kingine, kwa hiyo basi la ghorofa na pikipiki vinakaribia kutoshana. Akapata pia Bedford ya Kiingereza, nzuri, ya miaka ileile. Waingereza lakini hupunguza mara 76, si 87, na Bedford ikisimama karibu na lori jingine inaonekana kama imenenepa. Kwa hilo kuna ujanja: kikubwa kiweke mbele karibu na mtazamaji, kidogo kiweke nyuma, jicho litadhani ni umbali.

Kilichomshinda ni usukani. Bedford yake ina usukani kulia. Kongo tunaendesha kulia, na enzi za Wabelgiji usukani ulikuwa kushoto. Leo hii simama barabarani Bunia uhesabu: magari mengi yaliyopitia Uganda yana usukani kulia, na abiria ndiye anayemchungulilia dereva kama kuna lori linakuja. Bedford ile ingefaa kabisa kwa Ituri ya sasa. Kwa 1957 ni uongo. Akairudisha kwenye sanduku.

Hapo nikamtania kidogo, kwa sababu reli zake zenyewe si za kweli. Vicicongo, kampuni iliyoanzishwa 1924 na kufikisha njia yake Mungbere 1937, ilitumia reli nyembamba za milimita 600. Ukigawa kwa 87 unapata karibu milimita saba. Yeye ametumia za milimita tisa, kwa kuwa ndizo zinazopatikana dukani kwa bei ya kawaida. Akajibu kwamba reli hakuna atakayeipima, ila mlango wa lori babu yake aliufungua kila siku. Sikuwa na la kusema.

Nikaenda kuuliza wazee. Mmoja alisema Chevrolet, mwingine Ford, wa tatu alisema rangi ilikuwa ya kijani na wa kwanza akakataa. Walichokubaliana bila ubishi ni mambo ambayo hayauzwi dukani: kabari ya mti ambayo msaidizi wa dereva aliruka nayo kwenye mlima, ailaze nyuma ya gurudumu kabla lori halijaanza kurudi, vumbi jekundu lililomfanya kila aliyeshuka garini aonekane wa ukoo mmoja, na kungoja. Mzee mmoja alisema kwamba akiwa mtoto alikaa kando ya barabara siku nzima kungoja lori lipite, na halikupita.

Maneno hayo ndiyo niliyomwandikia mpwa, na nikamwambia aache kutafuta malori kumi. Barabara ya Ituri ya 1957 haikuwa na malori kumi kwa pamoja. Ilikuwa na watu wanaotembea, baiskeli hapa na pale, na lori moja. Meza iliyojaa vigari vinavyong'aa ingekuwa picha ya tangazo la kampuni, si ya nchi. Tena pamba iliyojaza mabehewa ya Vicicongo kuelekea bandari ya Aketi ililimwa kwa amri; mkulima hakuulizwa kama anataka, naye hakuiona garini, aliibeba mwenyewe hadi penye mzani. Ukimwondoa huyo ukabakiza stesheni safi na treni nzuri, umepata mwaka sahihi wa magari na umeukosa mwaka wenyewe.

Watoto wa hapa Boga hawahitaji kufundishwa hili. Wanakata makopo ya nyanya na ya mafuta, wanakunja waya, wanachonga magurudumu kwenye malapa yaliyokwisha, na wanatengeneza kile hasa kinachopita mbele yao mwaka huo. Tulipokuwa wadogo tulitengeneza Land Rover ya misheni. Baadaye walikuja watoto wa magari meupe ya Umoja wa Mataifa yenye antena ndefu. Sasa utaona Fuso lenye turubai, na, tangu mauaji ya Boga na Tchabi ya Mei 2021, gari la askari lenye bunduki ya kijiti juu. Sijawahi kumwona hata mmoja akitengeneza treni. Nilifikiri kumtumia mpwa moja la makopo, lakini lina urefu wa mkono wangu. Lingekuwa kubwa kuliko stesheni.

Amenunua lori moja, la usukani kushoto, akalipaka chaki nyekundu iliyosagwa mpaka rangi ya kiwandani haionekani. Pesa iliyobaki ameiweka kwenye watu. Kampuni ya Kijerumani Preiser huuza sanamu ndogo zisizopakwa rangi, nyingi kwa bei ya gari moja, ila zimevaa makoti na kofia za Ulaya, kwa hiyo usiku anakaa na wembe akizivua kofia moja moja. Juzi ameuliza kama akina mama wa Mungbere walibeba kuni kichwani au mgongoni, kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Nimemjibu ninayoyajua ya Boga, na nikamwambia ya Mungbere akawaulize watu wa Mungbere.