Deni la Vita Hulipwa na Nani?

Somo: 1 Wafalme 21 na 22, Yakobo 4:1-2, Luka 19:1-10



Mwezi uliopita, katika ibada ya vijana hapa Kitale, kijana mmoja aliinua mkono akauliza, "Pasta, hawa viongozi wa mataifa wanajua vita ni vibaya. Sasa mbona wanaingia?" Nilimjibu haraka haraka kwamba ni dhambi. Ni kweli, lakini usiku ule sikupata usingizi. Nilijua nimemkwepa.

Yakobo aliulizia jambo hilo hilo, na hakuwaelekeza wasomaji wake ikulu. Aliwaelekeza kwenye tamaa zilizo ndani yao wenyewe. Mwangalie Mfalme Ahabu. Sura ya 21 anataka shamba la Nabothi, jirani yake. Sura ya 22 anataka mji wa Ramoth-Gileadi, na hoja anayo: ati ni mali yetu. Moyo ni ule ule, kilichokua ni ukubwa wa shamba. Halafu manabii kama 400 wanamwambia aende, atashinda. Mikaya peke yake ndiye aliyekataa. Kwa hiyo vita huhitaji kitu cha kutamaniwa, sababu ya kuwaambia watu, na mtu wa kubariki. Huyo wa mwisho mara nyingi amesimama mimbarini, na hapo natuhesabu sisi wachungaji.

Mimi nilisomea biashara. Jambo moja nililotoka nalo darasani ni hili: mtu huamua ovyo anapojua gharama italipwa na mwingine.

Mwaka wa 1914 mataifa ya Ulaya yaliingia vitani kwa hofu, kwa heshima, na kwa mapatano waliyokuwa wamewekeana, baada ya mrithi wa ufalme wa Austria kuuawa kule Sarajevo. Hakuna mzee wa Bungoma aliyeulizwa maoni. Hata hivyo wanaume wa nchi hii walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa, si kwa risasi. Jina la Kariokor pale Nairobi limetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Vita vilipoisha, mwaka wa 1919, serikali ya kikoloni iliwagawia wanajeshi wa Kizungu mashamba, mengine hapa hapa Trans Nzoia. Wapagazi hawakupata kitu. Na Wasabaot waliokuwa wakilisha mifugo kwenye tambarare hizi walikuwa wakisukumwa kuelekea Mlima Elgon.

Sasa fuata hesabu. Ardhi mlimani ilibana. Baada ya uhuru ukaja mradi wa makazi wa Chebyuk, na ugawaji wake ukazaa ugomvi wa miaka mingi. Mwaka wa 2006 vijana walishika bunduki, wakajiita Sabaot Land Defence Force. Machi 2008 jeshi likaingia kwa Operesheni Okoa Maisha. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika juu ya raia waliouawa na wanamgambo, na pia juu ya watu walioteswa au kupotea mikononi mwa wanajeshi. Mamia walikufa, makumi ya maelfu wakahama.

Sisemi risasi ya Sarajevo ndiyo iliyoua mtu Cheptais. Waliofyatua huku wana dhambi yao. Nasema deni lisilolipwa hurithiwa.

Wala sisemi nchi isijilinde. Idi Amin alipovamia Kagera mwaka wa 1978, Tanzania ilikuwa na haki ya kumfukuza. Lakini hata aliyeshinda kwa haki alilipa: uchumi wa Tanzania uliumia, na mwananchi wa kawaida akaubeba mzigo ule miaka mingi.

Sasa nikwambie kilichoninyima usingizi.

Wakati wa vita vya mlimani nilikuwa shule ya upili, nyumbani kwetu Bungoma. Familia moja ilishuka na ng'ombe wawili wa maziwa. Hawakuwa na mahali pa kuwalisha, na watoto walikuwa na njaa. Baba yangu aliwanunua wote wawili kwa bei ambayo siku ya kawaida haingetosha hata mmoja. Hakuiba, walikubaliana. Ng'ombe wale walizaa, na sehemu ya karo yangu ya chuo ilitoka hapo. Chuoni nilisimulia kisa hicho darasani kama mfano wa kutumia fursa, na wenzangu wakapiga makofi.

Nilimpigia baba simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe ulitaka karo itoke wapi?" Sikuwa na jibu. Lakini siku tatu baadaye alinipigia mwenyewe, akaniambia yule mama anauza mboga sokoni hapa Kitale.

Nilimwendea na bahasha. Nilipomaliza kujieleza aliuliza, "Yule mwekundu alizaa mara ngapi?" Nikasema mara nne. Akahesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Pasta, pesa nitachukua. Lakini usiende kusema kanisani kwamba imeisha. Mzee wangu alitoka asubuhi moja na hajarudi mpaka leo."

Basi nami sisemi imeisha.

Zakayo hakuingoja serikali ya Roma itubu ndipo naye atubu. Alianza na mfuko wake, akataja kiwango: mara nne. Kijana wangu, jibu langu kamili ni hili. Mataifa huingia vitani kwa sababu anayeamua halipi, anayelipa haulizwi, na sisi wengine tuko kando tukinunua kwa bei rahisi. Ikulu hatufiki, lakini hapo kando ndipo tunaposimama.

Wiki hii kaa na wazee wako, uwaulize kwa heshima: hili shamba, hii ploti, hawa ng'ombe, tulivipata vipi mwaka wa 1992? Mwaka wa 2008 je? Kama kuna mtu aliyeuza huku akikimbia, mtafute. Na siku viongozi watakapokuja kuomba tubariki ugomvi wao, tuwaulize kwanza ni mtoto wa nani atakayelipa.

Bwana atupe ujasiri wa Mikaya na mkono wa Zakayo. Amina.