Paulo Ndani ya Merikebu: Kumtegemea Mungu Ni Nini?

Somo letu wiki hii ni Matendo 27. Kama Biblia iko karibu ifungue, manake sura hii sisi watu wa Ngomeni tunaielewa upesi kuliko ndugu zetu wa bara. Ina merikebu, ina dhoruba, ina nahodha asiyesikia la mtu.

Tumezoea kusema, "Mimi namtegemea Mungu tu." Ni neno zuri. Lakini tangu Aprili 2023, katika kaunti yetu ya Kilifi neno hilo halisemwi ovyo. Mwezi ule polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, na hesabu ya miili ikapita 400, wakiwemo watoto wengi. Walionusurika walisimulia kwamba waliambiwa wafunge kula mpaka wakutane na Yesu. Mambo ya hatia tunayaachia mahakama. Swali letu sisi kanisani ni hili: je, watu wale walimtegemea Mungu kupita kiasi?

Mimi nasema hapana. Wale walimtegemea mwanadamu. Someni Yeremia 17:5. Onyo lile huwa tunawasukumia matajiri na wasomi, ati ndio wanaojitegemea. Lakini hata anayeshika Biblia na kipaza sauti ni mwanadamu. Akikukataza kwenda hospitali, kumpeleka mtoto shule, hata kuongea na mamako mzazi, nawe ukakubali, ni kweli umeacha kujitegemea, lakini kwa Mungu hujafika. Umekwama njiani kwa binadamu mwenzako. (Na Ibilisi naye alimwambia Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu, akitumia Maandiko. Mathayo 4.)

Sasa mtazame Paulo. Malaika amekwisha kumwambia kwamba hakuna atakayepotea. Mwenye ahadi kama hiyo si angelala tu? Mabaharia walipotupa bildi wakapata pima 20, kisha pima 15, wakashusha nanga nne kwa nyuma. Paulo hakuwaambia kwamba nanga ni kukosa imani. Halafu wakashusha mashua, wakijifanya wanapeleka nanga za mbele, kumbe wanataka kutoroka. Hapo Paulo akamwambia akida waziwazi kwamba hawa wakiondoka chomboni, ninyi hamtaokoka. Hebu simama kidogo hapo. Ahadi ni ya Mungu, na bado mabaharia wanahitajika! Mungu alikuwa amewahesabu, wao na ujuzi wao, tangu alipoahidi.

Kulipokaribia kucha, Paulo akawasihi wale. Walikuwa na siku 14 bila kula chochote, jamani. Akatwaa mkate, akashukuru mbele ya wote, akaanza yeye mwenyewe kula. Watu 276 wakachangamka. Huyu ndiye mtu aliyemtegemea Mungu kuliko wote mle chomboni, na ndiye aliyewaambia wenye njaa wale.

Basi kujitegemea kuko wapi? Kuko kwenye ile mashua. Nanga waliishusha mabaharia hao hao, na hilo halikuwa kosa. Kosa ni pale moyo uliposema, "Nitajiokoa mimi, hao wengine shauri yao." Paulo naye alishukuru kabla ya kuujua ufuo ule. Merikebu ilivunjika, mizigo ikapotea. Waliojua kuogelea wakaogelea, wengine wakashika mbao, wote wakafika nchi kavu.

Kwa hiyo ndugu mwenye sukari au presha, meza dawa yako ukiomba. Mvuvi, tengeneza mashine kabla kusi haijachachamaa, na usiku uombe. Kufunga tutaendelea kufunga, sisi ni watu wa maombi. Lakini mfungo una siku ya kufungua, na mtoto mdogo halazimishwi, wala mama mjamzito. Na mtu yeyote, hata awe mtumishi wa madhabahuni, akikwambia dawa au chakula ni kukosa imani, mwulize mbele ya wazee wa kanisa kama Paulo alikosa imani asubuhi ile alipoumega mkate. Asipokujibu, usimfuate popote, na uje utuambie.