Bisibisi Iwe ya Mwisho

Vijana wangu mnaotengeneza magari kando ya Barabara ya Jogoo, mitaa ya Hamza na Mbotela, nina neno nanyi. Kabureta ikishafunguliwa, ikasafishwa na kutiwa gasketi mpya, wengi wenu hukimbilia bisibisi. Gari likikohoa kidogo tu, mkono uko kwenye skrubu ya mchanganyiko. Acheni. Kabureta hurekebishwa mwisho. Tapeti zikiwa zimelegea, pointi zimeungua au mpira wa vakyumu umepasuka, utazungusha skrubu hiyo mpaka jioni na injini isitulie.

Chukua pikapu ya Datsun 1200. Injini yake ni ya sisi 1,171, ya mizigo ya kiasi, si ya mashindano. Mwenyewe akisema anataka nguvu, wewe unapanua jeti kwa waya. Nani alikufunza hivyo? Tundu likishapanuka halirudi. Tena Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Jeti iliyopimiwa pwani hapa tayari inamwaga petroli kupita kiasi. Ukiipanua, unachoma pesa za mteja (naye bei ya petroli anaijua kuliko wewe) na plagi zinajaa masizi. Vilevile, gari ulilolipimia hapa likishuka Mombasa litapungukiwa na petroli. Mwambie mwenyewe kabla hajafunga safari.

Hayo mengine yakiwa sawa na zamu ya kabureta imefika, kwanza kaza skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka iguse tu. Ukiilazimisha, ncha yake huharibika. Irudishe mzunguko mmoja na nusu, kisha washa. Injini ipate moto sawasawa, choki iwe wazi kabisa. Sasa zungusha kidogo kidogo huku ukisikiliza: pale inapozunguka haraka na bila kutetemeka, ndipo hapo. Punguza mwendo kwa skrubu ile nyingine, ya mwendo wa injini, halafu urudie ya kwanza, kwa kuwa moja ikiguswa nyingine huvurugika. Liendeshe gari mpaka Donholm urudi, utoe plagi uzitazame. Kahawia ni sawa. Nyeusi ya masizi, petroli imezidi. Nyeupe ni mbaya zaidi, maana injini inachemka ndani na vali zitaungua.

Lakini linaloninyima raha ni ile chupa ya soda yenye petroli. Gari likikataa kuwaka, mmoja anamimina kwenye mdomo wa kabureta, mwenzake anapiga stata. Injini ikirudisha moto, unakupata usoni, na chupa uko nayo mkononi. Wengine hunyunyiza petroli kwenye manifoldi ya moto wakitafuta panapovuta hewa. Tumieni maji ya sabuni, na injini ikiwa baridi kagueni mipira na gasketi kwa macho. Chupa hiyo iondoeni gereji leo, na anayeshika spana kwa mara ya kwanza asiikute.