Usiizime Kwanza, Mwanangu

Mwanangu, najua una haraka. Kesho kazi ya chuo inatakiwa, na kompyuta imegoma kwenye asilimia 35 tangu tulipomaliza kula. Kidole kiko juu ya kitufe cha kuzimia. Kiondoe, unisikilize.

Sasisho la Windows likikwama kwenye namba moja, mara nyingi bado linafanya kazi. Kwenye diski za zamani, zile zinazozunguka, linaweza kuchukua saa kadhaa. Tazama ile taa ndogo ya diski. Ikiwa inawaka na kuzima, iache. Kazi ya kesho kaazime kompyuta kwa jirani.

Mimi sikuiacha. Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujaanza kuzalisha, Februari 2024. Sasisho lilishindwa, kompyuta ikaandika kwamba inarudisha mabadiliko nyuma. Niliogopa umeme usije ukakatika katikati, nikaizima mwenyewe. Haikuwaka tena. Fundi aliweka Windows upya, lakini hesabu zetu za shamba la zabibu la Hombolo zilipotea zote. Kwa hiyo nakuomba: kabla ya sasisho lolote, nakili mafaili yako kwenye fleshi. Kisha angalia Luku imebakiza uniti ngapi, na chaja iwe kwenye umeme.

Sasisho likishindwa, tafuta sababu kabla ya kujaribu tena. Windows huonyesha namba ya kosa. Iandike kwenye karatasi. 0x80070070, kwa mfano, maana yake diski imejaa. Futa filamu ulizokwisha kutazama. Angalia bando pia, maana likikatika njiani faili hushuka nusu. Angalia tarehe. Betri ndogo iliyomo ndani ikifa, saa hurudi miaka nyuma, na kompyuta hushindwa kuuamini mtandao. Chomoa printa na fleshi, kisha jaribu tena.

Na vumbi letu hili la Dodoma usilidharau. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni nadra kuiona. Vumbi huziba feni, mashine hupata joto, hujizima yenyewe katikati ya kazi. Isafishe.

Najua utashawishika kuyafunga masasisho yote upumzike. Usifanye hivyo, mwanangu. Mwaka 2017 Microsoft ilitoa kinga mwezi Machi. Mwezi Mei virusi vya WannaCry vikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Vilipita palepale ambapo kinga ile ingeziba. Na kama yako bado ni Windows 10, masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ikikataa Windows 11 kwa sababu ya umri wake, usiilazimishe. Muulize fundi habari za Linux.

Sasa nenda kalale. Ukiamka ukakuta namba ni ileile na taa ya diski haiwaki kabisa, hapo izime kwa kitufe, uiwashe upya. Mara nyingi itarudi ilivyokuwa. Isiporudi, aliyenakili mafaili yake atamlipa fundi tu. Hatakuwa na kazi ya kulilia.